Namna ya kulinganisha njia za kupima diski ya optiki katika kliniki ya macho

Ukiandika kwenye kadi ya mgonjwa kwamba uwiano wa kikombe na diski ya optiki, yaani lile duara ambapo neva hutokea nyuma ya jicho, ni 0.7, kisha usiandike ukubwa wa diski yenyewe, umeandika nusu ya habari. Katika diski yenye kimo cha milimita 2.3, kikombe cha 0.7 kinaweza kuwa ndiyo maumbile ya mtu huyo tangu azaliwe. Katika diski ya milimita 1.4, hata 0.4 inatosha kukutia shaka ya glakoma, ugonjwa unaoua neva hiyo polepole. Neva ya optiki ya kila jicho hubeba nyuzi milioni moja hivi. Nyuzi hizo zikipita kwenye tundu pana hujipanga pembeni na kuacha shimo katikati. Zikipita kwenye tundu dogo hubanana na kujaza nafasi yote. Shimo hilo ndilo tunaloliita kikombe.

Jambo hili linatuhusu sana Uganda. Uchunguzi wa macho uliofanywa Baltimore, Marekani, na matokeo yake kuhusu diski kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watu weusi kwa wastani wana diski kubwa kuliko weupe. Kwa hiyo katika kliniki ya Tororo, Mbale au Jinja utakutana mara nyingi na vikombe vikubwa visivyo na ugonjwa wowote. Anayesoma kikombe bila kupima diski atampa mzee wa watu matone ya timolol, dawa ya glakoma, ya kununua kila mwezi hadi kufa kwake, bila sababu. Mtu huyo huyo atamwambia mama mwenye diski ndogo arudi nyumbani salama, kumbe neva yake inakwisha. Makosa yote mawili ni mazito, lakini la pili halina marekebisho: uoni uliopotea kwa glakoma haurudi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa afisa kliniki wa macho, muuguzi wa macho, mpima miwani na daktari aliye masomoni. Unaeleza namna ya kupima diski kwa njia zilizopo, na namna ya kujua kama kipimo cha njia moja kinaweza kusimama mahali pa kingine. Si lazima uwe hospitali kubwa kama Mulago au Mbarara. Slitilampu moja (darubini ya macho yenye mwale wa mwanga), lenzi moja, daftari na uvumilivu vinatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Kubalianeni ukingo uko wapi

Watu wawili wakipima diski moja na kupata majibu tofauti, mara nyingi chanzo si mashine. Mmoja amepima hadi ukingo huu, mwingine hadi ule.

Diski imezungukwa na ukanda mwembamba mweupe unaoitwa pete ya Elschnig. Hiyo ni sklera, yaani ukuta mweupe wa jicho, inayochungulia, si sehemu ya diski. Pima kutoka upande wa ndani wa pete juu hadi upande wa ndani wa pete chini. Nje ya pete, hasa upande wa sikio, wagonjwa wengi wana eneo lililopauka ambapo retina imesinyaa. Ukilihesabu eneo hilo utaifanya diski ndogo ionekane ya wastani, na hilo ndilo kosa la hatari zaidi, kwa sababu linaficha wagonjwa.

Pimeni kimo, yaani kutoka saa 12 hadi saa 6, kama kipimo kikuu. Glakoma hupenda kula ukingo wa neva juu na chini kwanza, na uwiano wa kikombe tunaoutumia ni wa kimo pia. Upana ni wa ziada, utauhitaji tu ukitaka kukokotoa eneo.

Jua pia kwamba OCT, mashine inayopiga picha ya tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga, haitazami pete hiyo. Yenyewe hutafuta mahali utando wa Bruch, ulio chini ya retina, unapokomea, na mahali hapo hapaonekani kwa macho. Kwa hiyo slitilampu na OCT zinapima vitu viwili vinavyokaribiana sana, lakini si kitu kimoja. Likumbuke hili kabla hujamlaumu mtu.

Hatua ya 2: Slitilampu na lenzi ya mkononi

Hii ndiyo njia ninayoipigia debe, kwa sababu vifaa vyake viko tayari katika vituo vingi vya macho nchini na kila aliyesomea ukliniki wa macho Jinja amevishika. Ikifanywa kwa utaratibu, inatosha kwa kazi ya kila siku.

Kwanza angalia pembe ya jicho, yaani kona ya ndani kati ya konea na irisi, kwa mwale mwembamba pembeni mwa konea. Pembe ikiwa finyu, usipanue mboni. Mpeleke kwa daktari. Ikiwa wazi, weka tone la tropikamidi ya asilimia 1 na umpe dakika 20 hadi 30. Mweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiteso, Kisamia, Kijapadhola au Kiswahili: «Mzee, utaona ukungu kwa saa kadhaa na mwanga utakuumiza. Usiendeshe boda leo, mwombe kijana akupeleke.»

Mboni ikishapanuka, fanya hivi. Mwale na darubini viwe kwenye mstari mmoja, visiachane pembeni. Punguza upana wa mwale uwe mwembamba, uusimamishe wima, uelekeze katikati ya diski. Kisha fupisha urefu wa mwale polepole mpaka ncha yake ya juu na ya chini ziguse ukingo wa ndani wa pete. Soma namba kwenye skeli ya urefu wa mwale. Rudisha mwale uwe mrefu kabisa, uanze upya. Rudia mara tatu, kisha chukua wastani. Kuurudisha mwale kila mara ni muhimu: ukiuacha pale pale, kipimo cha pili na cha tatu vitakuwa nakala tu za kile cha kwanza.

Namba uliyoisoma ni ya taswira, bado si ya diski. Lenzi yenye nguvu zaidi hutoa taswira ndogo zaidi, kwa hiyo kila lenzi ina kizidishi chake. Kwa lenzi ya 60D (D ni diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi) zidisha kwa takriban 0.9 hadi 1.0, ya 66D kwa 1.0; ya 78D kwa 1.1; ya 90D kwa 1.3. Ukisoma 1.4 kwa lenzi ya 90D, diski ina kimo cha 1.4 × 1.3, yaani milimita 1.82. Lenzi ya 78D katika jicho hilo hilo ingekusomea kama 1.65, na 1.65 × 1.1 inakurudisha kwenye 1.82. Vitabu vinatofautiana kidogo katika vizidishi hivi. Chagua kimoja kwa lenzi yako, kibandike kwenye meza, usikibadilishe katikati ya kazi.

Kabla ya yote hayo, ikague skeli. Slitilampu nyingine hazina skeli inayoteleza, zina matundu ya ukubwa maalumu tu unayoruka kutoka moja hadi jingine. Hizo hazifai kwa kipimo hiki. Nyingine zina skeli nzuri ambayo imelegea kwa umri. Weka kadi nyeupe mahali mgonjwa anapoweka jicho, upige mwale juu yake hadi utulie vizuri, upime urefu wake kwa rula ya milimita. Fanya hivyo kwa urefu wa milimita 1, 2, 4 na 8. Skeli ikisema 8 na rula ikasema 7, umepata tatizo linaloweza kurekebishwa leo.

Mgonjwa mwenye miwani mizito sana, ya kuona mbali au karibu, atakupa jibu lililopotoka, kwa kuwa ukuzaji wa jicho lake si wa kawaida. Liandike hilo kando ya namba.

Hatua ya 3: Oftalmoskopu ya mkononi

Hapa hakuna milimita. Kuna ulinganisho tu. Oftalmoskopu (tochi ndogo za kutazamia ndani ya jicho) za Welch Allyn zina tundu dogo la nyuzi (digrii) 5 ambalo doa lake la mwanga kwenye retina lina kipenyo cha takriban milimita 1.5. Weka doa hilo kando ya diski, kisha juu yake. Diski inayofunikwa yote na doa ni ndogo. Diski inayozidi kidogo ni ya wastani. Diski ambayo doa linaelea ndani yake, likiacha nafasi pana juu na chini, ni kubwa.

Oftalmoskopu za kampuni nyingine zina matundu tofauti, kwa hiyo usichukue kanuni ya 1.5 ukaibandika kwenye kifaa chochote. Njia hii inafaa kambi za vijijini, pale usipoweza kubeba slitilampu. Ukitaka kuilinganisha na nyingine, ilinganishe kwa makundi matatu: ndogo, wastani, kubwa. Usiipe desimali isizokuwa nazo.

Hatua ya 4: Picha

Kamera ya fandasi, yaani ya kupiga picha sehemu ya nyuma ya jicho, hukupa kitu ambacho slitilampu haiwezi: picha inabaki. Unaweza kumpa mwenzako aipime bila kumsumbua mgonjwa, na baada ya miaka mitano ukaipima tena.

Kamera ya nyuzi 45 inaonyesha duara lenye upana wa nyuzi 45. Tuseme duara hilo lina pikseli 2,700 kwenye kompyuta. Kila nyuzi moja basi ni pikseli 60. Diski yenye kimo cha pikseli 390 inachukua nyuzi 6.5. Programu ya ImageJ hupatikana bure na inapima pikseli kwa urahisi. Diski iwe karibu na katikati ya picha, maana pembeni picha huvutika.

Kugeuza nyuzi kuwa milimita kunahitaji urefu wa jicho. Kanuni ya Bennett inasema: milimita kwa kila nyuzi ni 0.01306 × (urefu wa jicho − 1.82). Jicho la milimita 23.5 linatoa 0.283 kwa kila nyuzi, na diski yetu ya nyuzi 6.5 inakuwa milimita 1.84. Jicho refu la milimita 26 linatoa 0.316, na picha ile ile, pikseli zile zile, sasa ni milimita 2.05. Tofauti ya milimita 0.2 imetokana na urefu wa jicho peke yake.

Wengi wetu husema hatuna kifaa cha kupima urefu wa jicho. Vituo vinavyofanya upasuaji wa mtoto wa jicho vinacho: ni ile A-skeni inayotumika kuchagua lenzi ya kupandikiza. Omba uitumie asubuhi, kabla wagonjwa wa upasuaji hawajapangwa.

Hatua ya 5: OCT

Mashine inaposema eneo la diski ni milimita za mraba 2.46, usilipokee kabla ya kutazama mchoro. Je, mstari wa ukingo umefuata mahali pake au umeruka kwenye mshipa wa damu? Nguvu ya ishara inatosha? Kwenye Cirrus, aina mojawapo ya OCT, chini ya 6 kati ya 10 ni afadhali urudie. Mtoto wa jicho na jicho kavu hushusha ishara. Tone la machozi bandia mara nyingi hurekebisha hilo la pili.

OCT hutoa eneo, slitilampu hutoa kimo. Kuzioanisha, chukua diski kama yai: eneo ni 0.785 × kimo × upana. Kimo cha 1.84 na upana wa 1.70 vinatoa 2.46. Hapo ndipo upana uliopima kwa kuulaza mwale unapopata kazi.

Mashine nyingi za OCT huchukulia kwamba jicho lina urefu wa kawaida, na si zote zinazokuruhusu kuingiza urefu halisi. Kwa hiyo OCT nayo haijakwepa tatizo la hatua ya 4, imelificha tu ndani ya programu. Hii ndiyo sababu sikubali pale mtu anapoiita OCT «jibu sahihi» na nyingine zote «makisio». Ni njia thabiti, inayorudia jibu lake vizuri, na bado ina mwegemeo wake, yaani kosa la kuelekea upande mmoja.

Katika majarida ya zamani utakuta pia HRT, mashine ya leza ambayo mpimaji mwenyewe huchora mstari wa ukingo. Ukisoma majedwali yake, kumbuka kwamba ukingo ule ulichorwa na mkono wa mtu.

Hatua ya 6: Panga ulinganisho

Chagua njia mbili tu kwa kuanzia, kwa mfano lenzi ya 78D na picha. Mpime kila mgonjwa kwa njia zote mbili siku ile ile. Tumia jicho moja la kila mtu, ukiamua kulia au kushoto kwa bahati nasibu. Macho mawili ya mtu mmoja yanafanana mno. Ukiyahesabu kama watu wawili unajidanganya kwamba una ushahidi mwingi.

Usichukue wazima peke yao. Hakikisha wamo wenye diski ndogo na wenye kubwa, wenye glakoma na wasio nayo, kwa sababu njia mbili zinaweza kukubaliana katikati na kuachana kwenye ncha. Anayepima picha asione namba ya slitilampu. Kila mmoja awe na karatasi yake, na karatasi zifungwe mpaka mwisho. Mtu akishajua mwenzake alipata 1.9, mkono wake wenyewe utaelekea 1.9.

Macho 50 yanatoa jibu la kutumika. Macho 100 ni bora zaidi.

Ikiwa unakagua vifaa vyako tu, ongea na mkuu wa kituo. Ikiwa unataka kuchapisha, pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na ridhaa ya maandishi ya kila mgonjwa. Fanya hivi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa kuwa kibali hakirudi nyuma.

Hatua ya 7: Jipime wewe kwanza

Kabla ya kuuliza kama njia mbili zinakubaliana, uliza kama njia moja inakubaliana na yenyewe. Pima watu 20 asubuhi, uwapime tena baadaye bila kutazama namba za kwanza. Kwa kila mtu, toa kipimo kimoja kwenye kingine, uzidishe tofauti kwa yenyewe, ujumlishe zote, ugawe kwa mara mbili ya idadi ya watu, kisha utafute kipeo cha pili. Zidisha jibu kwa 2.77. Tuseme umepata 0.15. Maana yake ni kwamba vipimo vyako viwili vya jicho moja vitatofautiana kwa chini ya milimita 0.15 katika mara 95 kati ya 100. Ukipata 0.5, acha ulinganisho. Rudi kwenye hatua ya 1 na ya 2 mpaka mkono utulie.

Hatua ya 8: Linganisha namba

Watu wengi hukimbilia mgawo wa uhusiano, namba inayoonyesha jinsi vipimo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, wakapata 0.9 na kutangaza kwamba njia zinakubaliana. Mgawo huo hausemi hivyo. Njia moja ikisoma nusu ya nyingine kila mara, mgawo utakuwa 1 kamili, na bado namba zitakuwa tofauti kabisa.

Tumia utaratibu ambao Bland na Altman waliueleza katika jarida la Lancet mwaka 1986. Kwenye Excel, weka safu tatu kwa kila jicho: picha, slitilampu, na picha kutoa slitilampu. Tafuta wastani wa zile tofauti na mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi zinavyotawanyika. Chukulia, kwa mfano tu, wastani ni 0.12 na mkengeuko ni 0.10. Mipaka ya makubaliano ni 0.12 kutoa na kujumlisha 1.96 × 0.10: kutoka −0.08 hadi 0.32.

Soma hivi. Ile 0.12 ni mwegemeo: picha husoma juu zaidi kwa kiasi hicho, na unaweza kuiondoa kwa kurekebisha kizidishi. Upana wa mipaka, yaani kama 0.2 kila upande, hauondoki. Huo ndio unaoamua kama njia zinaweza kubadilishana.

Sasa uweke mbele ya mgonjwa. Kwa kawaida diski ya kimo chini ya 1.5 huitwa ndogo na ya zaidi ya 2.2 kubwa. Mgonjwa aliyesomwa 1.8 kwa slitilampu angesomwa kati ya 1.72 na 2.12 kwa picha. Ni wastani kwa njia zote, uamuzi haubadiliki. Aliyesomwa 2.1 angeweza kuwa popote kati ya 2.02 na 2.42. Huyo yuko mpakani, na lebo ya «kubwa» haitakiwi kumwondoa kwenye orodha ya wanaoshukiwa.

Chora pia grafu: wastani wa vipimo viwili chini, tofauti yao pembeni. Nukta zikitawanyika sawasawa, vizuri. Zikipanda kuelekea kulia, tofauti inakua kadiri diski inavyokuwa kubwa. Hapo shuku kizidishi cha lenzi kabla ya kushuku kitu kingine, kwa kuwa kizidishi kibovu hukosea zaidi kwenye namba kubwa. Nukta moja ikikaa peke yake mbali na wenzake, tafuta faili la mgonjwa huyo. Mara nyingi utakuta diski iliyoinama, jicho refu mno, au ukingo uliochanganywa na ile sehemu iliyosinyaa.

Hatua ya 9: Iweke kwenye kadi

Andika kwa kila jicho: kimo, njia, lenzi, kisha uwiano. Kwa mfano: «Kulia: kimo 1.9, slitilampu, 78D × 1.1, kikombe 0.6.» Maneno machache hayo yanamsaidia daktari wa Kampala atakayempokea mgonjwa baada ya miezi minane, akiwa na lenzi ya 90D mkononi. Bila hayo atapata 2.0 na hatajua kama diski imepimwa vibaya au kizidishi ni kingine.

Usifuatilie mgonjwa mmoja kwa njia mbili zinazopishana. Aliyeanza kwa picha aendelee kwa picha. Ikibidi kubadili kwa kuwa kamera imeharibika au umeme haupo, mpime kwa njia mpya, uandike «mwanzo mpya» na tarehe, wala usichore mstari kutoka namba ya zamani hadi mpya.

Mipaka ya 1.5 na 2.2 ilitokana kwa sehemu kubwa na vipimo vya watu wa Ulaya na Marekani. Ukishapima idadi ya kutosha ya watu wazima wasio na ugonjwa katika kituo chako kwa njia moja, panga vimo vyao kutoka kidogo hadi kikubwa. Tazama wa kumi chini na wa kumi juu katika kila mia. Hizo ndizo namba za kubandika ukutani karibu na slitilampu, pamoja na jina la lenzi iliyotumika. Mgonjwa mwenye diski ndogo kwa kipimo hicho na kikombe kinachofika 0.5, hata kama presha ya jicho lake ni ya kawaida, apangiwe kipimo cha uwanja wa uoni kabla hajaondoka kliniki siku hiyo.